Kiboko na Timu Aliyoijenga kwa Mdomo

Jamani, nimekuja.
— Karibu, umebeba nini?
Nimebeba hadithi.
— Mbichi au iliyoiva?
Iko jikoni, inatokota.
— Basi ipakue, tuna njaa.

Haya, naipakua. Lakini Mbazi na Nakiete mtulie kwanza. Tangu mchana mnagombana juu ya huyo meneja wa timu yenu. Mbazi anasema apewe nyumba, kwa sababu ameleta wachezaji. Nakiete anasema afukuzwe, kwa sababu ameleta wachezaji. Nimewasikiliza mpaka mboga ikaungua. Mimi mpira wenyewe nausikia redioni tu, sijui nani kamleta nani. Ila kisa cha Kiboko nakijua. Nilipewa na shangazi yangu Nakijwa, na yeye akifika kwenye maneno ya Kiboko alikuwa anajaza mashavu pumzi mpaka sisi watoto tunarudi nyuma. Mimi pumzi hizo sina tena. Mtajaza wenyewe.

Basi, siku hizo wanyama walikuwa bado wanacheza mpira. Bondeni kulikuwa na timu, na timu ilikuwa na wakubwa wawili.

Wa kwanza ni Kocha Kanga, huyu huyu ndege wa madoa. Kazi yake kufundisha. Asubuhi jua halijapanda utamsikia, "Kimbia-geuka, kimbia-geuka, kimbia-geuka," mpaka wachezaji wakilala wanaota wanakimbia na kugeuka.

Wa pili ni Meneja Mkuu, Kiboko. Yeye hafundishi, hachezi, hapulizi filimbi. Kazi yake kutafuta wachezaji. Anatoka, anazunguka nyika nzima, anarudi na mchezaji nyuma yake, anasema, "Nimesajili." Halafu anakaa chini, na ardhi inasema tii.

Na kila anayesajiliwa, kwao lazima wamletee Meneja kapu la shukrani. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Kwa kina Swala wakaleta kapu la majani mabichi. Kiboko akala, nyam nyam nyam, akala na kapu. Kwa kina Ngedere wakaleta kapu la mahindi. Akala, nyam nyam nyam, akala na kapu. Kwa kina Kobe wakaleta kapu la uyoga. Akala, akala na kapu. Kwa kina Kifaru wakaleta kapu kubwa la matawi yenye miiba. Miiba ikamchoma ufizi, akalia machozi, akala, akala na kapu. Wasusi wa makapu bondeni walikuwa hawapati hata nafasi ya kujikuna.

Sasa hao wachezaji. Swala alicheza winga ya kulia. Akipewa mpira, fyuu, huyo kule. Ngedere alikuwa kipa. Mpira ukija juu, anadaka. Ukija chini, anadaka. Ukija akiwa amegeuka kumtukana mtu, anaudaka kwa mkia.

Kobe alicheza winga ya kushoto. Akipewa mpira, anautazama. Anautazama vizuri. Anainua mguu. Akija kuushusha, mpira ulishachukuliwa, umeshafungwa, na watu wameshaanza upya. Na Kifaru alikuwa mshambuliaji. Nguvu anazo, macho hana. Yeye akiona kitu cheupe mbele yake, anakipiga. Mara ni goli la wenzake. Mara ni goli la kwao. Mara ni shati la refa.

Ikaja mechi na timu ya Mlimani. Nisiwachoshe. Bondeni walifungwa mpaka refa akaomba abadilishiwe filimbi, ya kwanza imejaa mate.

Kesho yake wanyama wote wakakusanyika uwanjani, wamenuna. Juu ya wakubwa wale wawili alikuwapo mwenyekiti wa timu, Bi Twiga, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Akauliza kwa sauti yake ndogo ya huko juu, "Nani kaharibu?"

Kiboko akasimama. Hapa ndipo shangazi Nakijwa alipokuwa anajaza mashavu.

"Timu nimejenga mimi," akasema Kiboko. "Nani alimleta Swala? Mimi. Nani alimleta Ngedere? Mimi. Swala mnampenda? Mnampenda. Ngedere mnampenda? Mnampenda. Basi mnanipenda mimi."

"Na Kobe nani alimleta?" sauti ikatoka nyuma.

"Muulizeni Kocha."

"Na Kifaru?"

"Muulizeni Kocha. Mambo mazuri niulizeni mimi, ya kuaibisha muulizeni Kocha."

Kanga akapiga hatua mbele. "Mzee Kiboko, mimi sisajili mtu. Mimi unaniletea, nafundisha ulichoniletea."

"Nakuletea mchele, unatupakulia ukoko," akasema Kiboko. Wanyama wakacheka, maana waliofungwa wanapenda kumcheka mtu. Kiboko alipoona wanacheka, akaongeza sauti. "Nasema Kocha aondoke bondeni. Aondoke leo, jua lisizame naye hapa."

Kicheko kikakatika. Wote waligeuka kutazama kona ya uwanja, pale penye kibendera. Pale chini ya majani marefu Kanga alikuwa ametaga. Kiota kilikuwa kimejaa mayai, na yalikuwa yamekaribia kuanguliwa. Ukiweka sikio unasikia ndani, to, to, to.

"Mzee wangu," akasema Kanga, na sasa sauti yake haikuwa ya ukocha tena, "mayai hayabebeki. Nikiondoka leo nayaacha."

"Yaache. Tutakutunzia."

Lakini alivyosema hivyo, Kiboko hakuwa anatazama mayai. Alikuwa anatazama majani. Majani ya pale konani hayajaguswa tangu Kanga atage, yalikuwa marefu, mabichi, yanayumba yumba. Na mate yakamtoka Kiboko, ti, ti, ti, yakaanguka kwenye vumbi, kila mtu akaona. Nani amwambie Kiboko afute mdomo?

Ndipo Nguchiro akanyanyuka.

Nguchiro mnamjua. Kanyama kadogo, kembamba, ukikaweka karibu na Kiboko hakafikii hata kwenye goti. Hakuwa mchezaji. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Akiona shimo atauliza nani kachimba. Akiona moshi atauliza wanapika nini. Watu walishamchoka. Na kulikuwa na jambo lake jingine ambalo wanyama wote walikuwa wanalijua, na Kanga alilijua kuliko wote. Nguchiro anakula mayai.

Kwa hiyo Nguchiro aliposimama kwa miguu miwili, akanyoosha shingo, akasema, "Bi Mwenyekiti, naomba kuuliza," Kanga alikimbilia kiota chake akakikalia.

"Uliza," akasema Bi Twiga.

"Hivi haya ya Mzee Kiboko tumeyasikia yakiwa ya mdomoni. Ya mpirani tutayasikia lini?"

Sasa hapo niwaeleze. Bondeni walikuwa na desturi yao. Mtu akisimama katikati ya uwanja, kwenye lile duara, akaweka mguu mmoja juu ya mpira, neno atakalosema limekwisha. Halifutwi. Halirudi. Watu waliposana hapo, waligawana mashamba hapo. Maneno mengine ukiyasema umesimama hovyo, hayo ni upepo tu. Na Kiboko maneno yake yote alikuwa ameyasema amesimama hovyo.

Bi Twiga akatafuna kidogo, akafikiri. "Ni kweli. Jua sasa hivi ni kali. Tupumzike vivulini, likipoa Kiboko akanyage mpira, aseme kamleta nani. Kama aliowaleta ndio waliotubeba, Kocha aondoke. Kama aliowaleta ndio waliotuangusha, aondoke yeye kwenye kiti."

"Hata sasa hivi," akasema Kiboko. Lakini ngozi ilishaanza kumkauka, akaenda mtoni.

Wanyama wakatawanyika. Nguchiro akapita kando ya kiota. Kanga akatanua mabawa.

"Simama hapo hapo," akasema. "Wewe umeingia kwenye shauri langu kwa nini? Mimi nikifukuzwa, si ndiyo sherehe yako?"

"Ndiyo," akasema Nguchiro.

"Basi?"

"Basi nataka kujua."

"Kujua nini?"

"Timu inajengwaje. Ndani ya yai kuna nini, hilo nilishajua zamani."

Akaondoka, tii tii tii, kuelekea mtoni. Kanga akabaki amekodoa macho, hajui ashukuru au arushe jiwe.

Mtoni Kiboko alikuwa amezama, nje kumebaki macho, masikio na pua. Nguchiro akapanda juu ya jiwe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunisumbua."

"Nimekuja kuuliza tu, Mzee wangu." Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, akanyoosha shingo. "Hivi ni kweli Mlimani wanamtaka Kobe?"

Sikio moja la Kiboko likageuka. "Kobe? Wa nini?"

"Ndiyo nashangaa na mimi. Hivi ni kweli aliyemleta Kobe watampa shamba zima la matikitimaji?"

Masikio yote mawili yakageuka. Kwa tikitimaji Kiboko angemwuza hata mama yake. "Nani kasema?"

"Sijui, Mzee. Ningejua ningeuliza?"

Maji yakafanya blu.

Nguchiro akasogea kwenye jiwe la pili. Akasimama kwa miguu miwili, akanyoosha shingo. "Hivi ni kweli Kifaru anahama, na lile dimbwi lake la tope laini anamwachia aliyemleta?"

Kiboko akatoa kichwa chote nje. "Lile la chini ya mteremko? Lenye tope jeusi?"

"Kuna jingine?"

"Nani kasema?"

"Sijui, Mzee. Ningejua ningeuliza?"

Nguchiro akasogea kwenye jiwe la tatu. Sasa alikuwa karibu kabisa na pua ya Kiboko, kiasi kwamba Kiboko akipumua manyoya yake yanalala. Akasimama kwa miguu miwili, akanyoosha shingo. "Hivi Swala wajomba zake wana pembe ndefu kiasi gani?"

"Kwa nini?"

"Hivi ni kweli wako njiani, wanakuja kumwuliza aliyemleta mtoto wao kwa nini anachezeshwa hata akiumwa?"

Kiboko akarudisha kichwa majini.

"Na Ngedere je," akaendelea Nguchiro, "hivi ni kweli ndugu zake wameingia kwenye mahindi ya Nungunungu, na Nungunungu anasema aliyemleta Ngedere huku ndiye atalinda shamba mpaka mavuno? Halafu hivi, Mzee, mtu akilinda mahindi anaruhusiwa kuyaonja, au Nungunungu anakaa pembeni na ile miiba yake?"

Kiboko akazama mwili mzima. Ikabaki duara juu ya maji. Nguchiro akasubiri kidogo, akasema kwa adabu, "Asante kwa majibu, Mzee," akaondoka.

Jua likapoa. Bi Twiga akaita. Wanyama wakajipanga kuzunguka uwanja, kimya, hata mbuzi mwitu aliyekuwa anacheua akaacha. Kanga hakuja katikati. Alibaki konani juu ya mayai yake, amenyoosha shingo, anasikiliza. Ndani ya mayai, to, to, to.

Mpira wa Bondeni ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa kamba za mgomba. Kiboko akaja katikati, akainua mguu, akaukanyaga. Pwaa. Ukawa chapati.

Wakamtazama Bi Twiga. Bi Twiga akainama kutoka huko juu mpaka pua yake ikagusa chini, akaukagua. "Ni mpira bado," akasema. "Sema."

Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, akanyoosha shingo. "Nani alimleta Swala?"

Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama njia inayoingia bondeni kama kuna pembe zinakuja. "Swala," akasema taratibu, "Swala mimi namuona tu uwanjani. Nafikiri alikuja mwenyewe."

Wanyama wakaguna, mmmh.

"Na Ngedere?"

"Ngedere yupi?"

"Kipa."

"Alaa, yule. Yule sijui kwao ni wapi. Wala mahindi sijui."

"Hakuna aliyetaja mahindi," akasema Bi Twiga. "Endelea."

"Na Kobe nani alimleta?"

Hapo Kiboko akajaa kifua. "Kobe ni mimi. Mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Nilimwona nikasema, huyu. Kobe ni wangu, hakuna mwingine mwenye haki naye."

"Na Kifaru?"

"Mimi. Kifaru na vyote vya Kifaru. Na mahali anapolala."

Bi Twiga akatafuna, akameza. Akasema, "Basi tumesikia ya mpirani. Swala na Ngedere waliotubeba, Kiboko hawajui. Kobe na Kifaru waliotuangusha, Kiboko ndiye kawaleta. Kiti akiache. Kocha abaki na mayai yake."

Kule konani Kanga akakaa chini vizuri, kama mama aliyetua ndoo.

Kiboko bado alikuwa na mguu kwenye chapati. "Sawa, sawa," akasema, "na matikitimaji yangu nayachukulia wapi?"

"Matikitimaji gani?"

"Ya Kobe. Huyu Nguchiro ndiye aliyesema."

"Mimi, Mzee?" akasema Nguchiro. "Mimi nimesema nini? Mimi nimeuliza."

Wanyama wakaanza kucheka. Alianza Ngedere, akafuata Swala, kicheko kikapita uwanja mzima kama upepo kwenye mpunga. Kiboko akataka kusema kwamba amekosea, Swala ni wake, Ngedere ni wake, lakini kila akifungua mdomo anaona mguu wake uko wapi. Akageuka, akashuka mtoni, chubwi. Ndiyo maana mpaka leo mchana kutwa anakaa majini, masikio tu nje. Anasikiliza kama kuna wanaozungumza mpira.

Nakiete anacheka. Cheka, mwanangu, lakini hadithi haijafika mwisho. Mimi shangazi alipofika hapa nilimwuliza, "Lakini shangazi, kweli Swala nani alimleta?" Akaniambia, "Kiboko ndiye alimleta. Kwani ulidhani nani?" Nikakaa na jambo hilo siku nyingi.

Maana hata wanyama wenyewe jambo hilo halikuwakaa sawa. Siku chache baadaye Bi Twiga akamwuliza Kocha. "Swala ulimwona akija na nani?"

"Na Kiboko," akasema Kanga.

"Mbona ulinyamaza?"

"Hamkuniuliza. Na nilikuwa nimekalia watoto."

Bi Twiga akatafuna tu.

Halafu yakatokea mengine. Siku moja kwenye mazoezi Kobe alichoka kutumwa winga. Akatembea mpaka mbele ya goli, akakaa, akaingiza kichwa ndani. Mpira ukaja kwa nguvu, ukampiga mgongoni, ko, ukarudi ulikotoka. Ukaja tena, ko. Ukaja tena, ko. Kanga akasimamisha mazoezi. "Kobe," akamwambia, "usitoke hapo mpaka nikuambie." Kobe akawa beki, na beki kama huyo bonde halijapata tena.

Na Kifaru je? Magoli ya uwanjani yalikuwa yote yamepakwa majivu, meupe. Kanga akachukua tope, akalipaka lile la kwao mpaka likafanana na mlima nyuma yake. Refa naye akaombwa kwa heshima avae nguo nyeusi. Kikabaki kitu kimoja tu cheupe uwanja mzima, goli la wageni. Kifaru alipoachiwa, gudu gudu gudu, buu. Wavu ukaenda naye.

Wakati huo huo Swala alianza kujiona. Mlimani walimwahidi kwamba akihamia kwao atacheza na viatu. Akaenda. Ngedere naye mahindi yalipokomaa hakuonekana tena mazoezini, akiulizwa anasema ana msiba.

Bondeni wakacheza tena na Mlimani. Swala alikimbia, fyuu, akafika kwa Kobe, ko. Swala akakimbia tena, fyuu, ko. Mbele kule Kifaru akaona cheupe. Bondeni wakashinda, na kelele zake zilifika mtoni.

Maji yakafunguka. Kiboko akatoka, akapanda mpaka uwanjani akichuruzika maji, watu wakampisha. Akasimama mbele ya Bi Twiga.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti. Nina swali. Kobe nani alimleta?"

Wakatazamana. Neno la mpirani halifutwi. "Wewe," akasema Bi Twiga.

"Na Kifaru?"

"Wewe."

"Na huyo Swala aliyewakimbia?"

"Ulisema alikuja mwenyewe."

"Na huyo mwizi wa mahindi?"

"Ulisema humjui."

"Basi nitajieni," akasema Kiboko, na mashavu yalikuwa yamejaa, "meneja aliyewahi kujenga kama mimi. Wazuri wote wangu. Wabaya wote si wangu. Nataka kiti changu, na nataka yale majani ya konani."

Kwa desturi yao, Kiboko alisema kweli, ingawa siku anaisema alikuwa anadanganya. Kanga akatazama vifaranga wake kule konani, walikuwa wameanguliwa, wadogo, wanakimbia na kugeuka chini ya majani yale yale. Akawakusanya chini ya bawa.

Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, akanyoosha shingo. "Hivi Mzee," akasema, "ni kweli meneja akirudi kazini anaanza na makapu?"

"Makapu ya kupewa?" akauliza Kiboko.

"Ya kusuka. Yale uliyokula. Hivi ni kweli wasusi wameshaleta ukindu, wanakusubiri ukae nao mpaka yaishe?"

Kiboko akatazama miguu yake. Akatazama kidole kimoja kimoja, vinene, vifupi, vimeshikana. Akafikiria ukindu. Akarudi nyuma kidogo. Akarudi tena. Akafika kwenye maji bila kugeuka, akaanza kuzama, kwanza tumbo, halafu mgongo, halafu macho. Mwisho yakabaki masikio, nayo yakaingia. Blu, blu, blu.

"Hivi ni kweli ukindu umeletwa?" Bi Twiga akamwuliza Nguchiro.

"Sijui, Bi Mwenyekiti. Ningejua ningeuliza?"

Wanyama wakamfurahia, wakambeba juu juu, wakamzungusha uwanja. Walipomshusha, Kanga alikuwa amesimama mbele yake, vifaranga nyuma. Akasimama kwa mguu mmoja, akanyoosha shingo.

"Nguchiro mwanangu, asante sana. Umeniokolea watoto. Lakini na mimi nina swali."

"Uliza tu, mama."

"Hivi siku ile ya shauri, ulipotoka mtoni kuja uwanjani, ulipitia njia ipi?"

Nguchiro akashusha miguu ya mbele.

"Maana mimi niliondoka kidogo tu kwenda kunywa maji," akasema Kanga. "Na niliporudi kiota hakikujaa kama nilivyokiacha. Njoo basi katikati, uweke mguu kwenye mpira, unijibu."

Nguchiro akatazama mlimani. Akatazama mtoni. Akajifuta mdomo, ingawa hakuwa anakula kitu. Akasema jua linazama, na kwao wanamwita. Wengine tunasema hakuna aliyesikia mtu akiitwa.

Basi fundisho lake ni hili, na mlishike. Mkubwa akiwaambia amejenga timu, itikieni ndiyo, mpelekeeni kapu, msimuulize kitu. Kuuliza uliza ni tabia mbaya, inamaliza mayai.

"Lakini Bibi," anasema Nakiete, "asingeuliza, Kanga angeyakosa yote."

Ndiyo. Na ndiyo maana nasema ni tabia mbaya. Na wewe Mbazi, huyo meneja wenu mpeni nyumba leo, mfukuzeni kesho, halafu msubiri Kobe wake akae mbele ya goli ndipo mgombane tena.

Hadithi yangu imekaa chini.
— Iache ikae.
Atakayeiinua?
— Aongeze yake.
Akiulizwa alikoipata?
— Aseme jua linazama.